Mama katoka wodini, sodiamu ilishuka mpaka 114, nyumbani sasa kila mtu ana dawa yake. Naombeni msaada

Mtoto wa Rangi Tatu:

Wakuu habari za jioni, naandika kirefu mnisamehe maana nimechoka na kelele za humu ndani.

Mama yangu ana miaka 68, naishi nae Mbagala. Presha anayo mwaka wa sita sasa na vidonge anameza vizuri tu, sio mtu wa kuruka dozi. Miezi miwili nyuma kliniki wakaona presha haishuki wakamuongezea kale kakidonge keupe ka kukojoza, bendro. Sawa. Kumbe mama nae ana mambo yake, kuna jirani alimwambia akitaka presha ishuke awe anakunywa chupa nzima ya maji lita moja na nusu asubuhi kabla hata hajasukutua, na jioni nyingine, basi akawa anaifanya kama ibada. Na chumvi kaiacha kabisa. Dagaa anawaosha maji matatu, mchicha haupati hata punje, usiku chai na slesi mbili anasema kashiba.

Wiki tatu zilizopita akaanza vituko ambavyo tulikuwa tunacheka. Katia sukari kwenye maharage. Kaniita kwa jina la mjomba aliyefariki 2009, mara mbili, tukasema uzee huo. Afu kichwa kikaanza kumuuma, anatapika, siku ya tatu kaanguka bafuni. Nikaita bajaji mpaka zahanati moja ya karibu, wakapima malaria hamna, sukari iko sawa, wakasema mama kaishiwa nguvu wakamtundikia dripu mbili za glukosi. Tumerudi nae jioni anaongea maneno hayaeleweki, saa saba usiku degedege. Mtu mzima, macho yamegeuka, meno yamekaza, sitakaa nisahau.

Hospitali kubwa ndo wakapima hiyo elektrolaiti, yaani madini ya chumvi chumvi kwenye damu, sodiamu ikaja 114, dokta akasema inatakiwa iwe kati ya 135 na 145. Wakampa kidripu kidogo cha haraka haraka degedege likakata, nikajua tumepona. Kumbe baada ya hapo dripu inadondoka tone moja, unakaa weee, ndo linakuja lingine. Mama mdogo kaja toka Kigamboni kaiona akawaka, mgonjwa anakufa nyie mnabania maji, akanyoosha mkono afungue kile kigurudumu, nesi akamdaka. Kidogo tufukuzwe wodini wote. Na damu wanamtoa kila baada ya masaa machache, mkojo unapimwa unaandikwa, sisi tunaona wanamsumbua tu bibi wa watu.

Siku ya nne asubuhi kafumbua macho kaniangalia kaniuliza, "Yule wa mkaa kalipwa?" Nikatoka nje nikalia kama mtoto.

Katoka jana na 131. Bendro imefutwa, wameandika vinywaji vyote visizidi lita moja kwa siku mpaka arudi kliniki wiki ijayo, na ale chakula cha kawaida chenye chumvi ya kawaida. Hapo ndo vita imeanza. Mjomba kaleta pakiti kumi za ORS, ile chumvi ya wanaoharisha ya kuchanganya na maji, anasema chumvi imeisha mwilini irudishwe. Mama mdogo kaleta madafu sita, anasema damu inataka madafu. Dada mkubwa anasema mkimpa chumvi presha itamuua. Mimi niko katikati. Swali langu ni moja tu, miaka yote sita tunaambiwa punguza chumvi, leo chumvi imeshuka, nani mkweli? Na kwanini anyimwe maji na joto hili?

Mla Bata:

Kijiko cha chumvi kwenye maji ya uvuguvugu asubuhi, kijiko jioni. Wiki moja tu utakuja kunishukuru. Hospitali wanarefusha mambo wapate hela.

Bibi Nesi:

Mla Bata nakuomba hilo usilirudie, kuna mtu atalisoma saa nane za usiku na mgonjwa yuko mbele yake atalifanya.

Mwanangu wa Rangi Tatu pole sana, na mama mpe pole. Nimefanya kazi wodini miaka 31 kabla sijastaafu, ntakueleza kama nilivyokuwa nawaeleza ndugu wa wagonjwa pale kwenye benchi.

Ile 114 sio kwamba wamepima chumvi iliyomo mwilini ni kilo ngapi. Wamepima chumvi imekolea kiasi gani kwenye maji ya damu. Chukua sufuria ya supu imekolea vizuri, mimina jagi la maji halafu onja. Chumvi haijatoka hata punje, ni ile ile, ila supu imepooza. Mama yako kwa miezi miwili supu yake imekuwa ikimiminiwa maji. Kwa hiyo mjomba anaposema chumvi imeisha, na wewe unapoandika chumvi imeshuka, wote mnaangalia chumvi, wakati tatizo kubwa la mama lilikuwa maji.

Utaniuliza mbona watu wanakunywa maji mengi na hawapati hayo. Kweli, figo nzima inayatoa. Lakini figo haitoi maji matupu, inataka na mzigo wa kutoka nayo, chumvi na yale mabaki ya nyama, samaki, maharage. Mtu anayelala na chai na slesi mbili hana mzigo, maji yanabaki. Juu yake weka bendro, ambayo kazi yake inaifanya pale pale kwenye figo mkojo unapozimuliwa, kwa hiyo ule mlango wa kutupia maji ya ziada umebanwa. Juu yake weka umri. Mama wa makamo kwenda juu, mwembamba, kaanzishiwa kidonge cha kukojoza wiki chache nyuma, kaanza kusahau sahau, ukiniletea huyo hata kabla ya kipimo nakwambia kapime elektrolaiti. Nimewaona wengi mno, na wengi walikuwa wameshaombewa au wameshatibiwa malaria mara mbili.

Kuhusu zile dripu za zahanati, siwezi kuwahukumu nikiwa nyumbani kwangu na mashine ya kipimo hicho mara nyingi hawana. Ila uelewe kilichotokea. Glukosi ya asilimia 5 ikiingia, sukari mwili unaitumia muda sio mrefu, yanabaki maji. Ni jagi lingine kwenye supu ambayo ilishapooza.

Sasa ubongo. Damu ikipooza maji yanahama yanaingia kwenye seli, zinavimba. Mguu ukivimba unaona tu kiatu hakiingii, ubongo uko ndani ya fuvu, uvimbie wapi? Ndo unaona kusahau, kichwa, kutapika, kuyumba, mwisho degedege. Kile kidripu cha kwanza ulichokiona cha haraka ni maji ya chumvi kali, asilimia 3, wakati maji ya chumvi ya kawaida ni asilimia 0.9. Kinaingia kidogo tu, mililita 100 au 150, kupandisha namba nne au tano ubongo upumue. Wakishapata hizo wanakanyaga breki.

Na breki ina sababu yake. Ubongo ukikaa kwenye damu iliyopooza siku mbili na zaidi unajizoesha, unatupa nje baadhi ya vitu vyake ili usiendelee kuvimba. Ukirudisha chumvi ghafla maji yanakimbia kutoka kwenye ubongo uliokwisha kujipunguza, na ule utando unaofunika nyuzi za mishipa ya fahamu unaharibika. Ubaya wake hauonekani siku hiyo. Mgonjwa anaamka vizuri, mnafurahi, mnaleta mtori, halafu siku ya tatu au ya nne maneno yanaanza kukwama, mate yanampalia, mikono na miguu haimtii. Hiyo niliiona mara moja na inanitosha. Ndo maana madokta wanajizuia namba isipande zaidi ya 8, ikizidi sana 10, ndani ya masaa 24, na ndo maana wanatoa damu kila mara, sio kumsumbua. Toka 114 kufika 131 ni hatua 17, hesabu mwenyewe siku. Huyo nesi aliyemdaka mama mdogo mkono simjui, lakini ningekuwa na uwezo ningempikia pilau.

Mama mdogo simlaumu pia. Sisi watu wa Dar dripu tuliyoizoea ni ya kipindupindu. Kilivyoingia mjini hapa Agosti 2015, mtu wa kilo 60 aliyekauka kabisa alikuwa anaingia mpaka lita 6 za dripu ya Ringer, maji yenye chumvi zake, kwa masaa 3, kigurudumu kimefunguliwa chote, inamwagika kama bomba la mvua, na anaamka anaomba chai. Yule sufuria yake nzima imemwagika chooni, maji na chumvi pamoja, unamrudishia sufuria. Mama yako sufuria yake imejaa. Mtu akiangalia chupa tu hawezi kujua tofauti.

Mtoto wa Rangi Tatu:

Shikamoo bibi. Nimesoma mara tatu, mara ya mwisho nimewasomea kwa sauti sebuleni. Mama mdogo kakaa kimya kwa mara ya kwanza toka jana. Sasa madafu na ORS vinakaaje?

Mtu wa Dirishani:

Mi niko dirishani famasi Kariakoo, hiyo niachie. Nianze na ya mjomba. Pakiti ya ORS ukiichanganya kwenye lita moja kama ilivyoandikwa unapata sodiamu 75, za zamani zilikuwa 90, zikapunguzwa mwaka 2002 baada ya kuonekana hizi zinafanya vizuri zaidi kwa watoto. Damu ya mtu mzima ni kama 140. Maana yake lita ya ORS ina chumvi nusu hivi ya damu. Kwa mtu anayeharisha ni dawa haswa, ile glukosi iliyomo inaishika sodiamu mkono wanaingia wote kwenye utumbo na maji yanawafuata nyuma, watu hawajui kwamba bila sukari kwenye ile pakiti chumvi ingepata tabu sana kuingia. Mwaka 1971 kwenye kambi ya wakimbizi Bongaon huko India dripu zilikuwa zinaisha, Dk. Dilip Mahalanabis akaamua kuchanganya chumvi na sukari kwenye maji wagonjwa wakanywa tu, vifo vya kipindupindu vikatoka kwenye asilimia 30 hivi vikashuka chini ya 4. Mimi nikiuza pakiti moja ya ORS huwa nakumbuka hiyo stori, basi tu.

Lakini mama yako haharishi na maji yamemzidi. Ukimpa lita ya ORS umempa maji mengi na chumvi kidogo, supu ya bibi Nesi inazidi kupooza. Mjomba aziweke kabatini, nyumba yenye watoto zitapata kazi.

Madafu watu wengi wanayaita dripu ya asili, sijui nani kaanzisha. Dafu limejaa potasiamu, madini mengine ya kwenye damu, sodiamu yake ni kidogo. Yaani kwa habari ya sodiamu, dafu kwa mama ni maji tu yenye utamu, sita hizo ni zaidi ya ile lita moja aliyopewa. Afu ya pili, nitajie dawa nyingine za presha anazotumia.

Mtoto wa Rangi Tatu:

Amlodipini na losatani.

Mtu wa Dirishani:

Basi umeona. Losatani yenyewe inaifanya potasiamu isitoke, na wenzake kaptoprili, enalaprili, lisinoprili hivo hivo, na spironolaktoni, kidonge kingine cha kukojoza, ndo zaidi. Bendro ilikuwa inaitoa potasiamu na losatani inaibakiza, zilikuwa zinavutana, sasa bendro haipo. Sisemi losatani mbaya, ASIIACHE, wala amlodipini asiache, presha yake bado ipo pale pale. Nasema mtu wa losatani asianze kunywa madafu matatu kwa siku kama dawa bila figo kupimwa. Na kuna ile chumvi ya madukani wanaiita chumvi ya watu wa presha, geuza kopo usome, nyingi ndani yake nusu au zaidi ni potasiamu kloridi. Nishamrudisha mteja mmoja hapa dirishani alikuwa nayo kwenye mfuko mmoja na spironolaktoni yake.

Na kama kuna mtu humu nyumbani kwake kuna mzee anameza karbamazepini ya kifafa au baadhi ya dawa za sonona, hizo pia zinaweza kushusha sodiamu. Akianza kuchanganyikiwa mseme dawa zote anazotumia, zote, hata zile za kwenye kibuyu.

Mama Wawili:

Hiyo ya madafu naomba niisemee mimi maana nilikula nayo sahani moja.

Mume wangu figo zake zilianza kuchoka, tulikuwa tunahudhuria kliniki. Mwezi wa pili mwaka juzi joto lile mnalijua, akawa hana hamu ya kula, mimi kwa mapenzi yangu kila siku nikitoka sokoni namchukulia madafu mawili kwa yule kaka wa baiskeli, na ndizi mbivu, na juisi ya parachichi. Najiona namtunza. Siku ya tano hivi anasema miguu mizito, anaamka kitandani kama kabeba gunia. Jioni anasema moyo unaruka. Tukaenda, wakamuwekea zile waya za kifuani, dokta kaangalia karatasi akaanza kutembea haraka, na dokta akianza kutembea haraka na wewe moyo unakutoka. Potasiamu 6.8. Ya kawaida haizidi 5.

Wakamchoma kalsiamu kwenye mshipa pole pole, wakasema hii haiishushi potasiamu, inaukinga tu moyo usisimame. Halafu naona nesi anaandaa insulini! Nikapiga kelele mume wangu hana kisukari jamani. Akaniambia mama tulia, inakwenda pamoja na glukosi, insulini inaisukuma potasiamu iingie ndani ya seli itoke kwenye damu. Usiku ule ule wakamsafisha damu. Dokta aliponiuliza nyumbani anakula nini nikaanza kumtajia madafu, ndizi, parachichi... kila ninalotaja anafunga macho.

Saivi viazi namenya nakatakata vidogo nachemsha maji mengi nayamwaga ndo napika, mchicha hivo hivo. Na yule kaka wa baiskeli nampungia mkono tu.

Dogo wa Mbio:

Aisee huu uzi ungekuja mwaka jana. Mimi nina miaka 29, mzima wa afya, nimekimbia kilomita 42 mara ya kwanza, rafiki kanishauri kunywa kila meza ya maji usiiruke hata moja. Sikuruka. Nimekimbia masaa matano na nusu, nimekunywa maji sijui lita ngapi, pete haitoki kidoleni, tumbo linacheza kama dumu. Nimemaliza natapika, sielewi nimepaki wapi pikipiki. Wenzangu wanasema kaishiwa maji huyo mpeni maji!! Bahati kulikuwa na dokta pale akauliza mmempima uzito, asubuhi niliandika 71, pale 73. Akasema mtu kakimbia masaa matano kaongezeka kilo mbili, huyo maji yamemjaa. Sodiamu 126.

Nilivyopona nikaanza kusoma, kumbe walishapima damu za wakimbiaji 488 kwenye marathoni ya Boston mwaka 2002, asilimia 13 walikuwa na sodiamu 135 au chini yake. Waliokuwa hatarini zaidi ni wale waliotumia muda mrefu njiani na wakaongezeka uzito. Yaani sio wale wa mbele wanaokimbilia hela, ni sisi wa nyuma tunaopita kila meza.

Kuli wa Sokoni:

Sasa mnatuchanganya sisi tunaobeba mizigo juani. Mi jasho likikauka shati linabaki na ramani nyeupe ya chumvi, usiku misuli ya miguu inakaza nalia. Na mimi nipunguze maji?

Bibi Nesi:

Hapana baba, wewe usipunguze. Ramani hiyo ya shati ni chumvi kweli imetoka. Wewe unapoteza vyote viwili, kwa hiyo unarudisha vyote viwili, unakunywa ukisikia kiu na unakula chakula cha maana mchana chenye mboga na chumvi yake, sio soda na mandazi mawili mpaka jioni. Siku jua limekuzidi nguvu hata ORS ni sawa kwako kama huna presha wala figo. Ile lita moja ni ya mama wa Rangi Tatu, kaandikiwa yeye na daktari wake kwa muda. Mtu mwingine asiichukue.

Mtoto wa Rangi Tatu:

Bibi umenijibu la maji, la chumvi bado dada mkubwa kanikalia kooni. Chumvi ya kawaida ni kiasi gani? Maana "kawaida" ya nyumba hii na ya jirani ni vitu viwili.

Bibi Nesi:

Dada mkubwa ana haki ya kuogopa, na kliniki hawakuwadanganya miaka sita. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima abaki chini ya gramu 5 za chumvi kwa siku, ni kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa, na sisi wengi tunapita hapo kabla hata hatujashika kikopo cha chumvi. Nakupa siku ya mtu wa kawaida hapa mjini. Asubuhi supu, kainyunyizia chumvi kabla hajaonja. Mkate una chumvi. Mchana wali na maharage, maharage yaliwekwa magadi yaive haraka, magadi ni sodiamu ile ile ingawa hayana ladha ya chumvi, watu hawayahesabu kabisa. Mboga imetiwa Royco na chumvi juu yake. Jioni embe bichi kwa chumvi na pilipili pale stendi, usiku chipsi, na kipande cha ng'onda, samaki wa kukaushwa, kama yupo mtu wa pwani nyumbani. Huyo ndo anaambiwa punguza, na akipunguza presha inashuka kweli.

Mama yako yeye alisikia punguza akafanya futa. Pale alipo sasa mpikie mboga moja ya watu wote, onja wewe, ikikukolea kidogo tu inatosha na kwake. Asiongeze mezani. Royco na magadi acheni nyumba nzima, hakuna atakayekufa maharage yakichelewa, loweka usiku. Na kikubwa ambacho naona hamjakigusa: huyo mama ale. Samaki, yai, maharage, kipande cha kuku. Chai na slesi isiwe chakula cha usiku tena. Kumbuka nilikwambia figo inataka mzigo.

Na hiyo tarehe ya kliniki msiibadilishe hata kama anaonekana mzima anafagia uwanja. Kabla ya hapo akirudia kutapika, kichwa, usingizi usioeleweka au maneno ya kupotea, msisubiri kuche, na mkifika sentensi ya kwanza iwe "huyu sodiamu ilishawahi kuwa 114". Mgonjwa akiletwa hivyo mara ya pili hata aliyechoka zamu anaamka.

Mla Bata:

Sawa bibi nimekusikia, ile ya kijiko naifuta. Bibi yangu alikuwa anaifanya kijijini nikajua ni dawa.

Bibi Nesi:

Bibi yako alikuwa analima kutwa juani. Wewe unakula bata.

Mtoto wa Rangi Tatu:

Wakuu narudi kuwapa mrejesho. Kliniki tumeenda leo, sodiamu 137, potasiamu 4.6. Presha 148, dokta kaongeza dozi ya amlodipini badala ya kurudisha bendro, na kwenye kadi kaandika kwa wino mwekundu asipewe tena dawa za jamii ile. Maji wamemwachia, anywe akisikia kiu, ila ile habari ya chupa nzima kabla ya kusukutua imekufa rasmi. Mama mdogo alikuwepo, kamuuliza dokta mwenyewe kuhusu dripu, dokta kamueleza karibu maneno yale yale ya bibi Nesi, akatoka kimya mpaka kwenye bajaji, afu akasema "ningemuua dada yangu kwa mkono huu." Tukanyamaza wote mpaka Mtongani.

Ile chupa ya lita moja na nusu mama kaikata katikati kapandia vitunguu vya majani dirishani. Zile siku za lita moja alikuwa mkali kama hakimu, anapima kwa kikombe chake cha bati, vikombe vinne, akimaliza cha nne anakigeuza juu chini mezani. Jana usiku kabla ya kliniki nimemkuta na mjukuu wake wanabishana, mjukuu kammegea tikitimaji, yeye anauliza tikitimaji ni chakula au ni maji. Nikamwambia ntakuulizia.

Bibi Nesi:

Tikitimaji ni maji. Na uji pia, na mchuzi akiunywa. Mpe shikamoo yangu, kanipita miaka miwili.